Epueni maharage mapema

Mhariri,

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, mjadala umekuwa mmoja: tupikie mkaa, gesi au umeme? Sufuria yenyewe imesahaulika. Maharage yanayotokota saa tatu yanamaliza mtungi kama yalivyokuwa yakimaliza gunia, na aliyehamia kwenye gesi akaona mtungi wa kilo 6 haukai, siku ya makande anarudi kwenye mkaa.

Maji yakishachemka yamefika mwisho wake. Huku pwani ni nyuzi joto 100, na hata ukifungulia gesi yote hayavuki hapo. Kinachozidi ni mvuke. Na mvuke ni ghali: joto linalogeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke lingetosha kuchemsha lita 7 za maji ya bomba. Sufuria iliyo wazi, inayotokota kwa kishindo, haiivishi haraka kuliko iliyofunikwa na kuchemka taratibu. Tena, maharage yakishapenywa na joto hayahitaji kutokota muda wote. Yanaendelea kulainika hata kwenye nyuzi 80 na kitu, mradi joto lisitoroke.

Kulizuia joto ni kazi ya kikapu, yaani chombo chenye mito ambamo sufuria iliyoepuliwa inaendelea kuivisha bila moto. Chukua tenga au boksi gumu ambalo sufuria ikikaa ndani inabaki nafasi ya sentimita 10 pande zote, chini pia. Shona mito miwili ya kitambaa cha pamba: mmoja mkubwa wa kuizunguka sufuria kama kiota, mwingine wa kufunika juu. Nailoni usiiguse. Ndani ya mito weka vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani, maranda makavu, au sufi. Sisi wa Tanga sufi tunaijua kwa mito ya kulalia; uzi wake una uwazi ndani uliojaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Kwa sababu hiyo usishindilie. Mto uliobanwa ukawa mgumu kama kigoda umetoa hewa yote. Mto wa juu ndio uwe mnene zaidi, maana watu wengi hutandika kanga moja juu ya mfuniko kisha wakalalamika kikapu hakifanyi kazi.

Sasa maharage nusu kilo. Chagua, osha, loweka kwenye lita 2 za maji kwa saa 8 hadi 12. Kwa joto la huku, yakizidi hapo yanatoa povu na kuanza kuchacha, hivyo ukiloweka jioni yapike asubuhi. Mwaga maji hayo, weka mapya yafunike maharage kwa kina cha vidole viwili, injika na ufunike. Yakianza kuchemka sawasawa, hesabu dakika 20.

Dakika hizo asizipunguze mtu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Kuchemka kwa nguvu dakika 10 na zaidi huivunja. Joto la nyuzi 80 la kikapuni haliivunji vya kutosha. Maharage yaliyoingizwa kikapuni mapema yanaweza kuonekana laini kabisa na bado yakamtapisha mlaji.

Dakika 20 zikitimia, epua na mfuniko wake bila kufunua, futa masizi na hakikisha hakuna kaa lililonasa chini, ingiza kikapuni, gandamiza mto wa juu uzibe mianya. Acha saa 3. Usichungulie: ukifunua mara moja tu, mvuke uliokuwa ukitunza joto umekwenda. Baada ya hapo rudisha motoni dakika 10 kwa ajili ya vitunguu, nyanya na tui. Nyanya na ndimu zingoje hatua hii ya mwisho, kwa kuwa uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Ukijumlisha moto wote haufiki saa moja.

Yakitoka magumu, sababu huwa chache. Ya kwanza ni chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa. Ijae angalau robo tatu, ama sivyo joto lililohifadhiwa ni haba. Nyingine ni kuepua kisha kuanza kutafuta mto. Kikapu kiwe tayari, wazi, hatua mbili kutoka jikoni. Ipo pia mito yenye unyevu wa mvuke wa jana, nayo dawa yake ni jua. Na maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu huwa sugu hata ukiyapikia nini. Hayo yaongezee dakika 15 za kuchemka. Wenzetu wa Mbeya nao waongeze, kwani kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Magadi yanalainisha, sibishi, lakini yanaharibu vitamini B1 na ladha pia. Aliyeloweka hana haja nayo.

Kikapu si mahali pa kulaza chakula. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vinaanza kuzaliana. Ukifunua ukakuta sufuria ni vuguvugu, unayoweza kuishika bila kitambaa, na hujui imekaa hivyo muda gani, chakula hicho usikile. Kukichemsha tena hakuondoi sumu ambayo vijidudu vingine huwa vimekwisha kuitoa.

Wali ni rahisi zaidi: kikombe 1 cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, maana hapa hayavukizwi, uchemke dakika 5, kisha kikapuni saa nzima. Ugali na chapati haviingii humo. Na mwenye jiko la umeme la presha aendelee nalo. Nusu kilo ya maharage haimalizi uniti moja.

Ninaloomba gazeti lifuatilie ni shule. Sufuria kubwa hupoa polepole kuliko ndogo, kwa sababu eneo lake la nje ni dogo ukililinganisha na chakula kilichomo, kwa hiyo maharage ya wanafunzi ndiyo yangefaidi zaidi. Shida ni kuinua sufuria ya lita 50 inayochemka, hilo lisijaribiwe. Huko kikapu ndicho kiifuate sufuria: moto uzimwe kabisa, makaa yatolewe, majivu yafagiliwe, kisha ivishwe mito minene pale pale ilipo, kuanzia mfuniko hadi chini.

Msomaji wenu,
Tanga