Josho la antibiotiki liishie ndooni, lisiingie kwenye tangi

Mhariri,

Tumbawe linalofugwa nyumbani kwenye tangi la maji ya chumvi likianza kubanduka nyama na kubaki mifupa mieupe, ushauri unaozunguka mitandaoni siku hizi ni mmoja: saga kidonge cha antibiotiki, mwaga kwenye tangi, subiri. Tunaandika kuupinga ushauri huo. Dawa yenyewe hatuipingi, maana ikitumiwa vizuri inaokoa matumbawe ambayo zamani tungeyatupa. Tunachopinga ni mahali inapowekwa. Josho la antibiotiki ni la ndoo, kwa kipimo, na maji yake hayamwagwi mpaka yameondolewa dawa.

Tangi zima linategemea bakteria. Wale waliojishika kwenye mawe na mchanga ndio wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Antibiotiki haiwabagui, na wakipungua amonia hupanda na kuanza kuua hata viumbe vilivyokuwa vizima. Wakati huohuo mkaa wa kuchujia huinyonya dawa, na taa ya UV huivunja. Kwa hiyo mgonjwa hapati dozi aliyokusudiwa, na bakteria wa tangi zima wanaonjeshwa dawa kidogokidogo, isiyotosha kuwaua. Hapo ndipo usugu unapozaliwa.

Kabla ya kugusa dawa, hakikisha ugonjwa ni wa bakteria. Acropora, tumbawe gumu la matawi, inayobanduka kuanzia shinani huenda imeumizwa na alkali iliyoruka ghafla, joto, taa mpya kali au minyoo bapa. Pima alkali leo na kesho kwa saa ileile. Ikiwa imeyumba kwa digrii mbili za kipimo cha alkali (dKH), rekebisha hiyo kwanza, kwa sababu hakuna kidonge kitakachoituliza. Chukua kikuza na ukague sehemu ya chini ya matawi kama kuna mayai na alama za kuumwa.

Ugonjwa wa ute wa kahawia, unaoshambulia sana Euphyllia, tumbawe lenye minyiri mirefu, una sura yake. Nyama husinyaa upande mmoja, kisha hufunikwa na ute mzito unaoning'inia kama makamasi na kunuka uozo. Ukiweka tone lake chini ya hadubini utaona viumbe wadogo wenye vinyweleo wakikimbia huku na huku, matumbo yamejaa chembe za mwani walizomeza kutoka kwenye nyama ya tumbawe. Hao si bakteria, na antibiotiki nyingi haziwaui. Wengi wanaosema dawa imeshindwa waliliogesha tumbawe likiwa bado na ute wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mikono. Zima pampu za mzunguko ili ute usisambae, uvute kwa bomba kubwa la sindano, utoe nje ya tangi, kisha ondoa tumbawe. Lisukesuke ndani ya chombo chenye maji ya chumvi mapya mpaka mifupa iliyo wazi ionekane safi. Kama ni lenye matawi, kata tawi linalougua sentimita moja au mbili ndani ya sehemu nzima. Vaa glovu na miwani kila unapokata. Baadhi ya jamaa wa matumbawe, hasa Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini, na tone moja jichoni ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Sasa ndoo. Changanya maji mapya ya chumvi, gramu 35 kwa kila kilo ya maji, nyuzi 25 au 26, na uweke hita ndogo na jiwe la hewa. Usichote maji ya tangini: yana uchafu unaoshikana na dawa, na yana bakteria ambao hukukusudia kuwatibu. Hewa ni ya lazima, kwa kuwa nyama inayooza hula oksijeni, na tumbawe linaweza kukosa pumzi kabla dawa haijafanya kazi.

Dawa inayotumiwa zaidi ni siprofloksasini. Kipimo kilichozoeleka kilianzia kwa wafugaji wa anemoni, jamaa wa matumbawe wasio na mifupa: miligramu 250 kwa lita 38 za maji, yaani karibu miligramu 6.5 kwa lita. Ndoo ya lita 10 inahitaji miligramu 65, na hakuna anayeweza kukata kidonge cha 250 kwa kisu akapata hizo. Kisage kiwe unga, kitie kwenye mililita 100 za maji baridi yasiyo na chumvi, tikisa, uache kitulie. Weupe unaobaki chini ni wanga na ganda la kidonge, usiumimine. Kila mililita ya maji ya juu ina miligramu 2.5 hivi, basi mililita 26 zinatosha ndoo moja. Usiyeyushe moja kwa moja kwenye maji ya chumvi. Katika maji yenye pH ya 8 siprofloksasini huyeyuka kwa shida, na unga utakaa chini huku ukidhani dozi imeingia.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulipita haraka. Maji ya bahari yana takriban miligramu 1,300 za magnesiamu na 400 na ushee za kalsiamu kwa lita, na madini hayo hushikana na siprofloksasini, vilevile na antibiotiki ya tetrasaiklini, na kuzipunguzia nguvu. Ndiyo maana kiasi kinachotosha bakteria kwenye bomba la maabara hakitoshi ndooni, na ndiyo maana anayepunguza dozi kwa huruma anajidanganya. Hasaidii tumbawe, anafunza bakteria.

Mwanga nao huivunja dawa hii. Weka tumbawe ndooni jioni taa zikishazimwa, funika, liache usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi. Asubuhi lisuuze kwa maji safi ya chumvi, kisha lihamishie kwenye tangi la wagonjwa lenye taa hafifu, wala si kwenye tangi kubwa. Mwani unaoishi ndani ya nyama yake unahitaji mchana wake. Jioni inayofuata, maji mapya na dawa mpya. Endelea hivyo hadi siku 7. Usikatishe siku ya tatu kwa sababu mpaka wa kidonda umesimama, maana waliobaki hai ndio wagumu zaidi. Tumbawe likipauka katikati ya tiba, usishangae. Kloroplasti za mwani zina asili ya bakteria, na dawa za kundi hili zinaweza kuzigusa. Punguza taa, usiongeze dawa. Lakini kidonda kikiendelea kutembea baada ya siku tatu za dozi kamili, ama bakteria hao hawasikii dawa hiyo ama si wao waliokuwa tatizo. Kuchanganya antibiotiki ya pili na ya tatu kwa kubahatisha hakufai.

Amoksisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, ina tabia zake. Huvunjika yenyewe majini, kwa hiyo haitengenezwi leo ikatumika keshokutwa. Mwenye mzio wa penisilini asiufungue unga wake kabisa, hata kwa barakoa.

Mfano mzuri wa kuweka dawa mahali pake unatoka baharini. Tangu 2014 ugonjwa wa kupoteza nyama umeyashambulia matumbawe magumu ya Florida, Marekani, ukasambaa hadi Karibiani. Wapiga mbizi huko hutumia amoksisilini iliyochanganywa na malhamu maalumu, sehemu moja ya dawa kwa nane za malhamu, na kuibandika kwa vidole kwenye ukingo wa kidonda peke yake. Malhamu huachilia dawa polepole pale pale. Haizuii vidonda vipya kuota kwingine, hivyo inabidi kurudi kukagua, lakini inasimamisha vidonda vingi na kuokoa tumbawe la miaka mingi. Kama wenye bahari nzima mbele yao wanaibana dawa kwenye kidonda, mwenye tangi hana sababu ya kuimwaga kila mahali.

Na maji yaliyotumika? Hapa ndipo wafugaji wengi, hata wazoefu, wanapoharibu kazi nzuri. Yakimwagwa mtaroni yanabeba dawa pamoja na bakteria walionusurika. Tia mkaa wa kuchujia ndooni, acha jiwe la hewa likizungusha maji kwa saa 24. Mkaa huikamata siprofloksasini vizuri. Utoe mkaa, ufunge kwenye mfuko, uende na taka ngumu. Ndipo utie klorini ya kufulia isiyo na manukato, uache saa moja, kuua bakteria waliobaki. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu mkaa ukiwa bado ndani utaimaliza klorini. Fanya haya nje penye upepo. Klorini ikikutana na bromidi ya maji ya bahari huunda misombo ya bromini, na mvuke wake unaweza kuwasha mapafu.

Siprofloksasini ni dawa ya binadamu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibiotiki za kutumiwa kwa uangalifu kwa sababu ya hatari ya usugu. Inunuliwe kwa cheti cha daktari wa mifugo, si mabaki ya dozi ya mgonjwa nyumbani. Na kwa wauzaji wa dawa za matumbawe tuna ombi moja: chapisheni kwenye pakiti jina la antibiotiki iliyomo na miligramu zake. Pakiti iliyoandikwa "kijiko kimoja kwa tangi" haimwezeshi mtu kupima dozi, wala haimwambii daktari mgonjwa amepewa nini.

Wafugaji wa matumbawe ya tangini