Barua kwa Yusufu kuhusu mmoja kati ya wanne

Morogoro, 9 Agosti

Ndugu yangu Yusufu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mama watoto anakusalimu, na Sefu aliyepita hapa juzi naye kaniagiza salamu zako. Uniwie radhi kwa kutokupigia simu. Jambo uliloniandikia linataka kusomwa kwa utulivu, tena shemeji Rehema akiwa kando yako.

Umeniambia kwamba baada ya mwanenu Zawadi kukutwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nanyi wawili mkapimwa mkaonekana mna AS, yaani mnabeba jeni ya ugonjwa bila wenyewe kuugua, mliambiwa kuwa uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne, na kwamba Mjomba Athumani amelipokea neno hilo kwa furaha: mmoja ameshatoka, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Aliyewaambia alisema kweli. Mjomba ndiye aliyekosea hesabu, na afadhali nilitamke hilo mapema kabla sijaanza kuzunguka kama ilivyo desturi yetu walimu.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja ilitoka kwa marehemu baba na nyingine kwa mama. Jeni ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inayohusika hapa imekaa karibu na ncha ya kromosomu ya 11, nawe unazo nakala zake mbili: A iliyo nzima na S yenye hitilafu. Mbegu ya kiume haiwezi kubeba kromosomu zote 46, kwa kuwa yai nalo lingeleta 46 na mtoto angeanza maisha na 92. Kwa hiyo ndani ya korodani, katika vile vijirija vyembamba vilivyojikunja, seli hupitia mgawanyiko wa pekee uitwao meiosisi. Kwanza kila kromosomu hunakiliwa, hivyo seli moja huwa na A mbili na S mbili. Kisha kromosomu za kila jozi hulala ubavu kwa ubavu, hubadilishana vipande, na baada ya hapo seli hugawanyika mara mbili mfululizo, hata zikapatikana mbegu nne zenye kromosomu 23 kila moja. Mbili zina A, mbili zina S. Ndivyo ilivyo kwa kila seli inayoingia katika kazi hiyo, na kazi hiyo inaendelea kwako usiku na mchana tangu ulipobalehe.

Unaikumbuka ile slaidi ya korodani ya panzi pale chuoni, ambayo Sefu aliivunja kwa kuishusha lenzi kupita kiasi? Kabla haijavunjika niliziona kromosomu zikiwa nyekundu kwa rangi, zimelala mbili mbili, baadhi zimepishana na kufanya umbo la msalaba. Hapo zinapopishana ndipo vipande hubadilishwa, na ndiyo maana kromosomu utakayomrithisha mtoto inaweza kuwa na sehemu ya babu na sehemu ya bibi. Nimefundisha mada hii miaka mingi na bado nadhani picha za vitabuni zinaifanya ionekane kavu bila sababu.

Kwa shemeji mambo ni tofauti kidogo: seli moja humpatia yai moja tu, na meiosisi yake ilianza angali tumboni mwa mama yake, ikasimama kwa miaka mingi. Lakini nusu ni ile ile, yai ama lina A ama lina S. S yako ikikutana na S yake, mtoto ni SS, yaani mgonjwa. Nusu ya nusu ni robo, na robo hiyo ni ya kila mimba peke yake. Refa anaporusha shilingi, shilingi haijui mechi ya juma lililopita ilianguka upande gani; na korodani nazo haziweki kumbukumbu ya Zawadi.

Fanya hesabu mwenyewe. Uwezekano wa mtoto mmoja kutokuwa mgonjwa ni robo tatu. Wa watatu wote kuepuka ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kwa 64. Hiyo haifiki nusu, Yusufu! Hao watatu ambao mjomba amewahakikishia kuwa wazima, ni rahisi zaidi kwamba angalau mmoja wao atakuwa mgonjwa kuliko kwamba wote watasalimika.

Uliuliza pia kama mtoto wa kiume atakuwa salama. Hapana. Mbegu yenye kromosomu Y humleta mvulana na yenye X msichana, lakini kromosomu ya 11 hugawanywa bila kujali X na Y zimeelekea wapi.

Na yule bwana wa dawa ya kusafisha mbegu, tafadhali mwache. Mbegu huchukua takriban siku 74 kukamilika, na zinatoka kwenye seli mama ambazo zenyewe zina A na S. Hata akusafishe kwa jiki, zitakazofuata zitakuwa nusu kwa nusu vilevile.

Kuhusu mama, Bi Mkubwa, na maneno yake kwamba ugonjwa umeletwa na ukoo wa mke: S yako imetoka kwake yeye au kwa marehemu baba. Usimwambie kabla hajanywa chai. Ukimwambia, mweleze pia kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Ndiyo sababu S imeenea sana katika nchi zetu zenye mbu. Hapo hakuna laana wala mtu wa kulaumiwa.

Siwakatazi kuzaa; uamuzi huo ni wenu wawili. Ila mkizaa, mtoto apimwe mapema, kabla himoglobini ya uchangani, ambayo humkinga kwa muda, haijapungua na vidole vyake kuanza kuvimba, ili penisilini ya kumkinga na maambukizi isichelewe.

Sasa nijibu. Zawadi anameza vidonge vyake vya foliki kila siku? Daktari amewaeleza lolote kuhusu haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu? Kipimo chenu kilikuwa cha haraka tu, au mlifanyiwa elektroforesisi, kile kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini? Shemeji mwenyewe anasema nini, maana katika barua nzima hukuniandikia hata neno lake moja? Na Salumu, anayetaka kuoa baada ya mavuno, amekwisha kupima, yeye na mchumba wake?

Ndimi nduguyo,
Hamisi