Barua kwa Binamu Yangu wa Migosi, Kisumu, Anayetaka Nyonga

Binamu,

Zile picha nimezipata, na swali lako pia: ufanyiwe upasuaji wa kuhamisha mafuta ya tumbo yajaze nyonga na makalio, au usifanyiwe? Nakujibu hapa hadharani, bila jina lako, kwa sababu tangu niingie kazi ya chumba cha upasuaji wanaoniuliza swali hili ni wengi, wake za wachungaji wakiwemo. Sitakukataza. Umezaa, umenyonyesha, mwili ni wako, na hao wanaokuambia uridhike na alivyokuumba Mungu, nusu yao wamepaka nywele rangi.

Unataka umbo ambalo hata jirani hatashtuka. Basi mwombe daktari kidogo. Mafuta hunyonywa tumboni na ubavuni, husafishwa, kisha hudungwa nyongani na makalioni kidogo kidogo, maana kila tone lazima likae karibu na mishipa ya damu ili liishi. Yakirundikwa mengi pahali pamoja, ya katikati hufa na kugeuka vinundu. Hata yakipandwa vizuri, theluthi au zaidi yanaweza kufyonzwa na mwili ndani ya miezi michache. Kwa hivyo zile picha za "wiki mbili baadaye" zimejaa uvimbe. Dai za miezi sita. Na kilo usitarajie zipungue.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Ndani na chini ya msuli wa makalio kuna vena kubwa, mishipa inayorudisha damu moyoni. Sindano ikizama huko, mafuta yanaweza kuingia kwenye damu, yakafika moyoni na mapafuni, na mtu akafia pale pale mezani. Mwaka 2017 uchunguzi miongoni mwa madaktari wa upasuaji ulikadiria kifo kimoja kwa kila wagonjwa 3,000 hivi. Mwaka uliofuata vyama vyao vikaonya: mafuta yabaki kati ya ngozi na msuli, yasiguse msuli kabisa. Huko Florida, Marekani, mwaka 2022 ilibidi daktari awekewe kikomo cha watatu kwa siku, kwa sababu mkono uliochoka huzamisha sindano kupita kiasi. Muulize wako anafanya wangapi kwa siku, na kama anafuata ncha ya sindano kwa ultrasaundi. Akikasirika, umepata jibu.

Jina lake litafute kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Usitosheke kuona ni daktari. Awe ameandikishwa kama bingwa wa upasuaji wa plastiki, na kliniki yenyewe iwe na leseni yake. Wa dawa ya usingizi awe mtu mwingine. Yule dada wa saluni anayedunga silikoni, hata salamu usimpe.

Halafu, binamu, kuna suala la basi la kurudi. Umepanga kufanyiwa Nairobi siku ya Ijumaa, na Jumapili uwe umesharudi Kisumu. Makalio hayakaliwi kwa wiki mbili hivi, na wewe unataka kuyakalia saa saba au nane kupitia Nakuru na Kericho, miguu imekunjwa, damu ikiganda! Ukipata homa usiku ukiwa Migosi, wenzangu wa hospitali watakupokea, ila hawatajua ulifanyiwa nini. Dai ripoti ya upasuaji iliyoandikwa, uje nayo.

Kuhusu mkopo wa Sacco, nitakudhamini. Lakini bajeti yako haina pesa ya kulala Nairobi wala ya mtu wa kukaa na mtoto. Ziongeze. Zisipotosha, ngoja zamu yako ya chama Desemba.