Kijapani kwa anayeanza: hesabu mapigo kabla ya kukariri maneno

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia kwenye Kijapani na mtaji mkubwa. Irabu ni zilezile tano, a, i, u, e, o, na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Tamago (yai), sakana (samaki), kasa (mwavuli, si yule wa baharini): yasome kama yalivyo na utaeleweka.

Kinachoharibu ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, nasi hufanya hivyo bila kujijua. Katika Kijapani kuvuta irabu kunabadilisha neno. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Ukiitamka obasan kwa mkazo wetu, ile "ba" inarefuka, na mwanamke wa miaka 40 anasikia umemwita bibi kizee. Konsonanti nazo zina urefu wake: kite kudasai ni "tafadhali njoo", kitte kudasai ni "tafadhali kata". Kwenye kitte ulimi hukaa kwenye t kwa pigo zima (muda wa silabi moja fupi) bila sauti, ndipo "te" itoke.

Dawa yake ni kugonga meza kwa penseli, kila pigo likipewa muda sawa. O-ba-sa-n, mapigo 4. O-ba-a-sa-n, 5. Ki-te, 2, ki-t-te, 3. To-o-kyo-o, 4, ingawa wengi wetu tunautamka mji huo kwa mapigo mawili au matatu. Hiyo n ya mwisho inajitegemea, kama m ya "mtu" inavyosimama yenyewe bila irabu, kwa hiyo usiimeze.

Hii ndiyo sababu tunasisitiza uachane na herufi za Kirumi mapema. Hiragana, mwandiko wa msingi wa Kijapani, inaonyesha mapigo waziwazi: おばさん ina alama 4, おばあさん ina 5. Alama za msingi ni 46. Jifunze 5 kwa siku kwa kufuata safu (a-i-u-e-o, kisha ka-ki-ku-ke-ko) na zote zitaisha ndani ya siku 10. Ziandike kwa mkono, kwa mpangilio sahihi wa mistari, maana anayesoma kwa macho tu huzichanganya め na ぬ, る na ろ, れ na わ na ね. Ya, yu na yo ndogo hazina pigo lake, zinaungana na alama iliyotangulia. Tsu ndogo, っ, inayoandika ile t ya kwanza ya kitte, inalo. Katakana, mwandiko wa pili unaotumika hasa kwa maneno ya kigeni, ifuate baadaye. Huko wanaosumbua ni シ (shi) na ツ (tsu): ya kwanza mistari yake midogo imelala, ya pili imesimama.

Katika sentensi, kitenzi hukaa mwisho: mizu o nomimasu, "maji nakunywa". Kiswahili hubeba ukanushi na wakati mbele ya kitenzi, si-ku-nywa. Kijapani huvibeba mkiani. Nomimasu, nakunywa. Nomimasen, sinywi. Nomimashita, nilikunywa. Nomimasen deshita, sikunywa. Basi sikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu, kwa sababu "ndiyo" au "siyo" ya mwenzako haijafika bado. Alama は husomwa "ha" ndani ya neno, lakini ikionyesha mada husomwa "wa": watashi wa, "mimi". Kosa hili hukaa miezi lisiporekebishwa wiki ya kwanza.

Na san ni heshima unayompa mwingine. Ukijitambulisha, sema Asha desu ("mimi ni Asha"), kamwe si Asha-san desu. Ile u ya desu karibu haisikiki.

Katika darasa letu la mwanzo hatugusi kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, hadi mwanafunzi apite jaribio moja: anamsomea mwenzake maneno kumi, kama obasan na obaasan, kite na kitte, mwenzake akiwa amempa mgongo. Msikilizaji akiandika yote kumi sawasawa, tunaendelea. Akikosea, tunarudi kwenye penseli na meza.