Paa la nyumba ninayonunua lina asbestosi, na muuzaji ni kama ami yangu

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi zinazokufikia ni za mapenzi na mawifi. Yangu ni ya paa. Usiiweke kando lakini, maana usingizi unaonipotea ni uleule.

Mimi ni mwalimu hapa Mombasa. Mume wangu ni baharia, sehemu kubwa ya mwaka yuko melini, na tangu tuoane tumekuwa wapangaji, sasa na watoto watatu. Mwaka huu tukapata nyumba ya zamani kule Tudor, vyumba vitatu na banda la uani, mwembe nyuma. Muuzaji ni rafiki wa marehemu baba yangu, mzee ninayemwita ami tangu sijaota meno. Alitaja milioni 10, tukashikana mikono kwa 9.8. Nikampa 200,000 za kuonyesha nia, akaniandikia risiti kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari. Mkataba bado hatujautia sahihi.

Kusema kweli hata kuikagua nyumba niliona haya. Nyumba ya ami unaikaguaje? Ni Sacco ninayokopa milioni 7 ndiyo iliyoshikilia kwamba hakuna ukaguzi, hakuna mkopo.

Mkaguzi akapanda ngazi, akagonga paa kwa kifundo cha kidole. Bati la chuma hulia. Hili lilitoa sauti butu, kama unagonga chungu kilichojaa. Nyuma ya banda akakuta vipande vilivyovunjika vimepangwa kuzunguka tuta la mchicha. Akavaa glavu na barakoa, akakirashia maji kimoja, akaniambia nisimame mbali kidogo nitazame ule ukingo uliovunjika: nyuzi nyeupe, laini, zimechomoza kama katani. Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya mwingine. Hatua chache kutoka hapo, binti wa mpangaji wa banda, wa miaka mitano hivi, alikuwa amechuchumaa akichora nyumba kwenye saruji. Chaki yake ilikuwa kipande cha bati hilohilo. Nilipomweleza mamake, alimnyang'anya mara moja, akaniuliza, "Na hilo la juu je, dada, nilitoe vipi?" Sikuwa na jibu.

Maabara ikathibitisha. Ni asbestosi nyeupe, yale madini ya nyuzi yaliyokuwa yakichanganywa na saruji kutengenezea mabati: paa zima la nyumba, la banda, na bomba la kuteremshia maji ya mvua. Mkaguzi alinitoa hofu kidogo, akasema bati zima lisiloguswa si la kukimbiwa usiku huohuo. Balaa ni linapokatwa, linapotobolewa, au likichakaa na kuanza kumeguka, kama hili lililokula jua na chumvi ya bahari tangu miaka ya sitini. Nyuzi zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho, ukizivuta nyingine hukwama mapafuni, na saratani yake yaweza kungoja miaka 20, 30, hata 40 ndipo ijitokeze. Nilidhani labda hiyo nyeupe ina nafuu. Haina, Shirika la Afya Duniani linasema aina zote husababisha saratani. Na huwezi kumwita fundi yeyote wa mtaani. Kwa kanuni za taka hapa Kenya hiyo ni taka hatari, anayeiondoa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mzigo uende kwenye dampo lililoidhinishwa.

Nikatafuta bei. Kuondoa na kwenda kuzika, 640,000. Kuezeka upya, pamoja na kubadilisha kenchi zilizoliwa na mchwa, 870,000. Jumla 1,510,000, pesa ambazo sina, kwa sababu nimeshahesabu hadi ushuru wa stempu.

Mambo ya mzee huyashughulikia mwanawe mkubwa, basi nikampigia yeye. Alicheka. "Dada, sisi tumelala chini ya hilo bati miaka arobaini." Kesho yake hakuwa na kicheko. Alikuja na njia mbili, nichague. Ama bei ishuke kwa 300,000 na paa liwe langu na matatizo yake. Ama yeye alete vibarua wanne Jumapili, walishushe kwa nyundo, walifukie kwenye shimo chini ya mwembe, gharama haifiki elfu hamsini. "NEMA hawafanyi kazi Jumapili." Nikamwambia shimo hilo baada ya siku 90, ununuzi ukikamilika, litakuwa langu, na mwembe wangu, na watoto watakaocheza juu yake ni wangu.

Hapo akateremsha sauti. Akasema lolote nitakaloamua, baba asiione ripoti. Mamake, Mungu amrehemu, aliondoka mwaka juzi kwa maradhi ya kifua. Ndiye aliyekuwa akiufagia ule ua kila alfajiri, kwa ufagio mkavu, maisha yake yote ya ndoa. Hakuna daktari aliyewahi kuitaja asbestosi, na mimi si wa kusema ilimuua au haikumuua. Lakini ami akiisoma karatasi ile atapiga hesabu yake mwenyewe.

Shangazi, sijui kama huyu bwana anamlinda babake au anailinda bei. Nadhani vyote viwili.

Wakili wangu hana huruma na habari hizi. Hatimiliki ina jina la mzee, kwa hiyo nililokubaliana na mwanawe ni maneno ya barazani. Rasimu ya mkataba inasema nanunua nyumba "katika hali ilivyo", yaani nikishatia sahihi na kulipa ile amana ya asilimia 10 ya bei, malalamiko yangu niyapeleke kwa jirani. Anashauri gharama ya kuondoa isiende kwa muuzaji kwanza. Ibaki kwa mawakili, iwalipe wenye leseni kazi ikikamilika na vyeti vya dampo vikiwa mkononi. Sacco wameipenda njia hiyo. Lakini kifungu chenyewe lazima kiitaje asbestosi kwa jina lake, na ami, ambaye husoma kila anachotia sahihi, atakisoma.

Mume wangu kwenye simu anasema tudai milioni na nusu yote au turudishiwe pesa zetu. Ukiwa baharini kila kitu ni chepesi. Mama naye ananiuliza ni mtoto gani huyo anayevutana bei na mtu aliyebeba jeneza la babake.

Mimi nikijipima naona haki ni hii: kuondoa ni juu yake, kuezeka ni juu yetu, kwa sababu paa jipya nitalifaidi mimi. 640,000, si 300,000, wala si milioni na nusu. Je, nimezidisha, au nimejipunja kwa haya? Na iwapo atakataa, nitadai zile 200,000 kwa mzee ambaye sitaki hata kumwona amekunja uso?

Kubwa zaidi ni ripoti. Nipitie kwa mwanawe kama anavyotaka, kifungu kiandikwe kijuujuu, nijue nimemficha mwenye mali jambo la mali yake? Au nimwambie mwenyewe, na nikimwambia, naanzia wapi? Na yule mama wa banda, ambaye hayumo kwenye mkataba wa mtu yeyote?

Ijumaa baada ya swala ami ametualika mimi na watoto kula pilau. Itapikwa uani, kama kawaida yao. Ripoti iko kwenye mkoba wangu tangu wiki jana, na nitakwenda na mkoba huohuo.

Mwalimu,
Mombasa