Ukili wa mama unalegea, kaka anasema ni upepo

Assalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Wete na mama yangu, naye ana miaka 58. Tangu Ramadhani iliyopita naona ukili wa mikeka anaousuka unalegea. Mama husuka hata gizani, lakini sasa chane zinamponyoka, na pale baina ya kidole gumba na cha shahada nyama imeingia ndani, pamebaki shimo. Ulianza mkono wa kulia tu. Sasa na mguu anauburura, ndara inamvuka njiani. Akilala, nyama za bega zinamchezacheza chini ya ngozi kama maji yanayokaribia kuchemka.

Kinachonikosesha usingizi ni Yasini. Mama kafundisha chuo cha Kurani miaka mingi, na mtoto aliyeiharibu herufi ra alikuwa hamwachii. Alkhamisi iliyopita ra yake mwenyewe ilimzama. Akairudia aya mara tatu, kisha akaufunga msahafu. Chai nayo siku hizi humpalia.

Ganzi hana, ukimfinya anasikia. Presha na sukari ziko sawa. Alipopelekwa kutibiwa alipewa vitamini na dawa ya kuchua, basi.

Kaka ndiye mwenye kauli tangu baba afariki. Anasema huo ni upepo, na aliyepigwa na upepo hachomwi sindano. Ami anamuunga mkono. Majirani wanasema kiharusi, lakini kiharusi huja ghafla. Hiki kinatambaa mwezi wa tisa huu.

Nimesoma juu ya maradhi ya kufa kwa mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli, yale yaliyompata Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza. Yeye aligunduliwa 1963 akiwa na miaka 21 na akaishi hadi 2018, ila wengi hawafiki hata miaka mitano. Dawa ya kuyaondoa haipo. Ipo riluzoli, huyapunguza kasi kidogo. Nimesoma pia kwamba uti wa mgongo uliobanwa shingoni hufanana nayo, na huo hutibika (ingawa shingo hainielezi kwa nini ulimi nao unamlemea). Ndiyo maana nataka avuke Unguja, au hata Muhimbili, aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu na apimwe umeme wa misuli. Nauli ninayo, ruhusa sina.

Kaka nimuingie vipi bila ya kuonekana namvunjia heshima? Na mama, nimwambie ninachokishuku au nisubiri vipimo? Jana kaniuliza, "Mwanangu, mkono huu umekasirishwa na nani?" Nikamwambia ni uzee. Akanitazama tu.

Binti wa Wete