Mkono wenye ganzi haushiki vizuri

Ndugu Mhariri,

Habari za watu waliopooza wanaoendesha mkono wa roboti kwa fikra zao huandikwa mara kwa mara, na karibu zote husifia mwendo: mkono umeinuka, umeshika chupa, umemfikishia mgonjwa kinywaji mdomoni. Naomba nafasi nieleze kwa nini naona jambo kubwa zaidi ni lile linaloachiwa sentensi moja mwishoni, nalo ni kurudishwa kwa hisi ya kugusa.

Mmarekani Nathan Copeland aliumia shingo katika ajali ya gari mwaka 2004, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Mwaka 2015 madaktari wa Pittsburgh walimpandikiza ubongoni vibao vinne vya elektrodi (ncha ndogo za kupokea na kupitisha umeme), kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati, viwili katika sehemu inayoamuru mwendo na viwili katika sehemu inayopokea hisia za mkono. Kidole cha roboti kinapoguswa, kompyuta hupeleka umeme hafifu katika sehemu hiyo ya pili, naye huhisi kwamba kilichoguswa ni kidole chake mwenyewe. Akiwa amefungwa kitambaa machoni, alitaja kidole sahihi katika asilimia 84 ya majaribio. Kilichovunjika kwake ni njia ya shingoni. Upande wa ubongo, nafasi ya kila kidole ilikuwa bado ipo baada ya miaka zaidi ya kumi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kazi ya kuokota vitu na kuvihamisha, ambayo bila hisi ilimchukua sekunde 20 hivi, aliimaliza kwa sekunde 10 hivi baada ya kurudishiwa mguso, na muda mwingi uliookolewa ulikuwa ule wa kuhangaika kukishika kitu. Macho yake yaliona vilevile mara zote mbili. Aliyewahi kulalia mkono mpaka ukafa ganzi, kisha akajaribu kufunga vifungo vya shati, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Pamoja na hayo, vichwa vya habari vinavyotangaza kwamba mgonjwa "amepona" vinapotosha, kwa kuwa uti wa mgongo haukutibiwa, na nyaya za Copeland hupita kwenye fuvu na kutokeza nje ya ngozi ya kichwa. Ian Burkhart wa Ohio, aliyepandikizwa chombo cha kumwezesha kuuendesha mkono wake mwenyewe mwaka 2014, alilazimika kuondolewa chombo hicho mwaka 2021 kwa sababu ya maambukizi. Mambo kama haya nayo yanastahili aya nzima.

Nayasema haya kwa sababu namhudumia mdogo wangu, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Mwaka jana kikombe cha uji wa moto kilimwagika mapajani mwake, na hakujua mpaka nilipoona ngozi imebabuka. Nilipomsomea habari za Copeland aliniuliza kama kipandikizi hicho kingemwonya. Nilimjibu kwamba kinahusu vidole vya mkono tu, tena vya mkono wa roboti, na kwamba paja halina kitambuzi cha kuupasha ubongo habari. Basi kila jioni bado namgeuza na kumkagua mgongo na makalio kwa tochi, nikitafuta wekundu ambao yeye hawezi kuuhisi.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga